Edmond Albius, mtoto mtumwa aliyeizalisha vanila

BUJUMBURA – Mfanyabiashara anayevusha vanila kutoka Beni kwenda Kasese, au kutoka Bukoba kwenda Kampala, hubeba mzigo mdogo wenye thamani kubwa. Begi moja la mkononi linaweza kuzidi bei ya pikapu iliyojaa mahindi. Anajua bei ya leo na bei ya msimu uliopita, na anajua mizani ya nani inaibia. Lakini jina la Edmond Albius huenda hajawahi kulisikia, ingawa kila ganda lililomo katika begi lake lilianzia kwenye kazi ya kidole gumba ambayo Albius aliigundua mwaka 1841, akiwa mtumwa mwenye umri wa miaka 12.

Jijini Bujumbura, vanila inafahamika zaidi kwa wapika keki na maandazi, wanaonunua pakiti ndogo za unga mweupe wenye harufu tamu. Unga huo kwa kawaida hautoki shambani. Ni harufu ya kiwandani iliyochanganywa na sukari. Vanila halisi ni tunda la ua, na ua lenyewe ni la jamii ya okidi. Jina lake la kitaalamu ni Vanilla planifolia. Duniani kuna zaidi ya aina 25,000 za okidi, na nyingi hupendwa kwa uzuri wa kutazama tu. Wafanyabiashara wa Tunduma wanazijua nyingine, zile ambazo viazi vyake huchimbwa nyanda za juu kusini mwa Tanzania na kuvushwa hadi Zambia kupikwa chikanda. Uchimbaji huo umezimaliza okidi hizo katika maeneo mengi. Ila okidi inayolimwa kwa ajili ya chakula na kuuzwa dunia nzima ni moja tu, nayo ni vanila.

Mtoto asiye na jina la ukoo

Edmond alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Kipo katika Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 700 mashariki ya Madagascar, na wakati huo kilikuwa koloni la Ufaransa lenye mashamba makubwa ya miwa.

Pwani ya Afrika Mashariki ina historia na kisiwa hicho. Mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Wengine walichukuliwa Msumbiji na Madagascar. Na kama ilivyo kwa njia yoyote ya biashara, vitu vilikwenda pande zote mbili: miche ya mikarafuu iliyokuja kuitajirisha Zanzibar ilipatikana kwenye visiwa hivyo hivyo mwanzoni mwa karne ya 19.

Mama yake Edmond aliitwa Mélise. Alikuwa mtumwa, na alifariki akimzaa mwanawe. Baba yake anatajwa kwa jina la Pamphile, naye mtumwa. Mtoto alikuwa mali ya Elvire Bellier-Beaumont, ambaye alimpeleka kulelewa kwa kaka yake, Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba la Bellevue hapo hapo Sainte-Suzanne. Kwa sheria ya wakati ule mtumwa hakuwa na jina la ukoo, hakumiliki kitu, na hata alichokibuni kwa akili yake hakikuhesabika kuwa chake. Jambo hilo la mwisho ndilo lililoamua maisha yote ya Edmond.

Ferréol alikuwa mpenzi mkubwa wa mimea. Alizunguka bustani yake kila siku, na yule mtoto yatima akawa nyuma yake. Hakupelekwa shule. Alichojifunza alikipata kwa kutazama na kusikiliza, na alijifunza mengi. Siku moja Ferréol alimwonyesha namna ya kuchavusha kwa mkono mmea mmoja wa jamii ya maboga, ambao maua yake ya kiume na ya kike yako mbalimbali, kwa hiyo mtu anaweza kuchukua chavua ya ua dume na kuipaka kwenye ua jike. Mkulima yeyote wa maboga akielezwa mara moja anaelewa. Somo lilikuwa dogo, na Ferréol mwenyewe huenda alilisahau siku ile ile.

Mmea uliokataa kuzaa

Katika bustani hiyo kulikuwa na mmea mmoja wa vanila uliokwishapandwa muda mrefu. Ulitambaa vizuri juu ya mti wake, ukachanua, na maua yakaanguka bila kuacha kitu. Miaka ikapita hivyo.

Asili ya vanila ni Mexico na nchi za jirani. Watu wa kabila la Totonac waliijua kabla ya Wahispania kufika, na Waazteki waliitia kwenye kinywaji chao cha kakao. Wahispania wakaipeleka Ulaya, matajiri wakaipenda, na kwa karibu miaka 300 Mexico ikabaki peke yake sokoni. Si kwamba wengine hawakujaribu. Miche ilipelekwa Paris, London na kwenye makoloni. Kisiwa cha Bourbon kiliipokea kuanzia mwaka 1819. Kila mahali hadithi ilikuwa moja: mmea unastawi, unachanua, hauzai.

Sababu iko ndani ya ua. Ua la vanila lina vyote viwili, sehemu ya kiume yenye chavua na sehemu ya kike ya kuipokea, tena zimekaribiana kama majirani wa chumba kimoja. Kinachowatenganisha ni utando mdogo kama ulimi, uliolala katikati. Nyuki wa kawaida hawezi kuupita. Huko Mexico wapo nyuki wadogo wa kienyeji ambao kwa muda mrefu wametajwa kuwa ndio wanaoifanya kazi hiyo. Juu ya hayo, ua hufunguka asubuhi na kusinyaa siku hiyo hiyo. Likipita bila kuchavushwa, huanguka.

Mwaka 1836, profesa mmoja wa Ubelgiji, Charles Morren, alifanikiwa kuchavusha vanila katika nyumba ya mimea mjini Liège na akapata maganda. Mtaalamu mwingine alifanya hivyo Paris baadaye kidogo. Kwa sayansi ilikuwa hatua. Kwa biashara haikubadilisha kitu, kwa kuwa njia hizo hazikumfikia mkulima wa kitropiki kwa namna ambayo angeweza kuitumia kwenye maua mamia kwa asubuhi moja. (Ubelgiji hiyo ndiyo iliyokuja kuitawala Burundi baadaye, ikaacha kahawa.)

Mwishoni mwa 1841, Ferréol alikuwa akitembea bustanini na Edmond. Akashtuka kuona ganda la kijani likining'inia kwenye vanila yake, na jingine karibu yake. Edmond akamwambia kwamba ni yeye aliyeyazalisha kwa mkono wake. Ferréol hakuamini. Siku chache baadaye akakuta mengine, na mtoto akarudia maelezo yale yale. Safari hii mzee akataka aonyeshwe.

Edmond akashika ua. Akapasua kidogo ile sehemu inayofanana na mdomo ili ndani paonekane. Kwa kijiti chembamba akauinua ule utando wa katikati. Kisha kwa kidole gumba akaibonyeza sehemu ya kiume mpaka ikagusa ya kike, chavua ikabaki pale. Ni kazi ya sekunde chache. Vifaa vyake ni kijiti cha mwanzi au unyasi mgumu, vitu visivyouzwa dukani. Mtoto huyo alikuwa amechukua somo la maboga, akaligeuza, akalitia ndani ya ua ambalo maprofesa wa Ulaya walikuwa wamelizunguka kwa miaka.

Mwalimu wa kisiwa kizima

Kwa sifa yake, Ferréol hakuificha habari ile wala hakujipa yeye. Aliwaandikia wenye mashamba wenzake, nao wakamwomba awapelekee kijana. Edmond akawa anasafirishwa shamba hadi shamba, akiwafundisha watumwa wengine namna ya kufanya. Wafaransa wa kisiwani waliiita kazi hiyo kuiozesha vanila, kama bwana na bibi harusi, na mkono wenyewe ukaitwa kwa jina la Edmond.

Hesabu za mauzo ya nje zinaeleza kilichofuata. Mwaka 1848 Réunion ilipeleka Ufaransa kilo 50 za vanila. Mwaka 1858 zilikuwa tani mbili. Mwaka 1867 tani 20. Mwaka 1898 tani 200, na wakati huo kisiwa kilikuwa kimeipita Mexico. Mfanyabiashara ataziona namba hizi vizuri zaidi akikumbuka kwamba zinahusu vanila kavu, na kilo moja kavu hutokana na kilo tano au sita za maganda mabichi.

Wenye mashamba walitajirika. Edmond, aliyewafundisha, hakupewa hata sehemu ndogo ya mauzo. Mtumwa hadai kamisheni.

Uhuru ulikuja mwaka 1848. Serikali mpya ya Ufaransa ilipiga marufuku utumwa katika makoloni yake, na tarehe 20 Desemba mwaka huo mjumbe wake, Sarda Garriga, akautangaza kisiwani Réunion. Zaidi ya watu 60,000 wakawa huru. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa ya kulipa fidia, na waliolipwa ni waliokuwa mabwana, kwa kupoteza mali yao. Waliokuwa watumwa walipewa majina ya ukoo. Edmond akapewa jina la Albius, linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Wapo wanaosema lilihusu ua la vanila na wapo wanaoliona kuwa mzaha wa karani juu ya mtu mweusi. Kwa jinsi majina mengi ya waliokombolewa yalivyotungwa kisiwani humo, hilo la pili haliwezi kupuuzwa.

Saint-Denis, jela, na mtu wa pili kudai

Akiwa na miaka 19, huru na bila senti, Albius aliondoka Bellevue kwenda mji mkuu, Saint-Denis. Mtu aliyebadilisha uchumi wa kisiwa alipata kazi ya jikoni katika nyumba ya ofisa. Baadaye akahusishwa na wizi wa vito, akahukumiwa kifungo kirefu na kazi ngumu. Hakimu wa amani wa Sainte-Suzanne, Mézières Lépervanche, alimwandikia gavana akiomba ahurumiwe, kwa hoja kwamba koloni zima linakula matunda ya kazi ya mtu huyo. Ombi lilisikilizwa kwa kiasi; Albius akaachiwa kabla ya muda wake kwisha, akarudi Sainte-Suzanne.

Hakuwa ametulia ndipo likaja jambo ambalo pengine lilimuuma zaidi. Jean-Michel Claude Richard, mtaalamu wa mimea aliyeheshimika na aliyewahi kusimamia bustani ya serikali mjini Saint-Denis, alidai kuwa njia ile ni yake. Kwa maelezo yake, aliwaonyesha watu kisiwani mwaka 1838, na mtoto lazima aliona kwa kificho.

Dai hilo halisimami. Ferréol, ambaye alikuwa rafiki wa Richard kwa miaka mingi, aliandika barua kulikanusha. Hakumtukana rafiki yake. Alisema kwa upole kwamba kumbukumbu za mzee zimemchanganya. Lakini aliuliza swali ambalo halikupata jibu: kama wakulima walifundishwa mwaka 1838, mbona hakuna hata mmoja aliyevuna vanila mpaka 1841, na mbona wote walimwomba Edmond aende kuwafundisha? Barua hizo zilimfikia Eugène Volsy-Focard, aliyekuwa akikusanya historia ya kisiwa, naye akaziweka kwenye kumbukumbu. Bila karatasi hizo, leo vitabu vingeandika jina la Richard, kwa kuwa neno la mtaalamu wa serikali dhidi ya mtumwa wa zamani aliyetoka jela lilikuwa na uzito wake. Wafanyabiashara wanaovuka Gatumba na Kobero wanaelewa tofauti kati ya mzigo wenye hati na mzigo wenye maelezo tu.

Miaka ya mwisho ya Albius ina habari chache. Aliishi karibu na shamba lile lile la Bellevue. Ombi lake la kupatiwa posho na serikali ya koloni halikujibiwa. Wakati huo huo, huko Ujerumani, mwaka 1874, wanakemia Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walipata njia ya kutengeneza harufu ya vanila kutokana na utomvu wa miti ya misonobari, wakafungua kiwanda. Wao walikuwa na sheria za kulinda uvumbuzi wao.

Edmond Albius alifariki Agosti 1880 katika hospitali ya umma ya Sainte-Suzanne, akiwa na miaka 51, masikini. Gazeti la kisiwani liliandika habari hiyo kwa mistari michache, likitaja faida aliyoiletea koloni na ufukara aliofia.

Kutoka Réunion hadi Rwenzori

Mwaka huo wa kifo chake, mkono wa Edmond ulikuwa tayari unavuka bahari. Wenye mashamba wa Réunion, wakitafuta ardhi zaidi, walipeleka miche Nosy Be na kisha pwani ya kaskazini-mashariki ya Madagascar, maeneo ya Antalaha na Sambava. Vikafuata visiwa vya Komoro. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la vanila ya Bourbon, ambalo wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanalilipia hadi leo. Madagascar sasa ndiyo inayoongoza duniani kwa mbali.

Uganda ililetewa vanila enzi za Waingereza, na mashamba ya Mukono, Kayunga, Kasese na Bundibugyo yakawa maarufu. Tanzania inaipata hasa mkoani Kagera, ambako wakulima huipanda kwenye vivuli vya migomba na mibuni. Upande wa Kongo, hulimwa Beni, Lubero na Ituri, na sehemu kubwa ya mzigo hupitia Kasindi na Mpondwe kuingia Uganda, wakati mwingine bila hati, mkulima akiwa ameuza haraka kwa hofu ya mashambulizi yaliyowatoa wengi mashambani.

Mahitaji ya mmea hayajabadilika tangu Bellevue. Unataka joto la wastani wa nyuzi 21 hadi 32, mvua ya milimita 1,500 na kuendelea iliyogawanyika vizuri, na kipindi kifupi cha ukavu ili uchanue. Jua kali huuchoma, kiza kinene huuzuia kuchanua. Nusu kivuli ndiyo hali yake. Haupandwi kwa mbegu bali kwa vipando vya urefu wa mita moja hivi, chini ya mti wa kuegemea. Uganda wengi hutumia mbono. Mizizi yake hukaa juu juu, kwa hiyo hutaka majani makavu na mboji, na huchukia maji yaliyotuama, yanayoleta ugonjwa wa kuoza mizizi. Maua ya kwanza huja mwaka wa tatu. Tambarare ya Imbo, kuzunguka Bujumbura, ina joto la kutosha, ila hupata mvua chini ya milimita 1,000 kwa mwaka na kiangazi chake ni kirefu. Anayefikiria kuipanda huko aanze kwa kufikiria maji.

Mkulima mzoefu huchavusha maua 1,000 hadi 1,500 kwa siku, akichagua machache katika kila kichala ili maganda yawe marefu. Ua lililokubali hubaki limeshikilia. Lililokataa huanguka mapema. Kisha husubiriwa miezi tisa. Ndipo maganda hutumbukizwa katika maji ya moto ya nyuzi 65 hivi kwa dakika tatu, yakafungwa kwenye mablanketi yatoe jasho, yakaanikwa saa chache kila siku kwa wiki kadhaa, na mwishowe yakawekwa kwenye masanduku kwa miezi. Ganda bichi halina harufu. Harufu yote huzaliwa humo, katika uvumilivu wa mkaushaji.

Hiyo miezi tisa ndiyo inayoleta ugomvi. Vimbunga vilipoipiga Madagascar mwaka 2000 na tena Machi 2017, vanila ilipungua na bei ikaruka. Mwaka 2003 ilifika karibu dola 500 kwa kilo, na mwaka 2018 ilifika dola 600, ikaipita fedha. Mara zote mbili ilianguka baadaye. Mwaka 2005 wakulima wengi wa Mukono waling'oa mashina kwa hasira. Madagascar ilijaribu kuweka bei ya chini ya dola 250 kuanzia mwaka 2020, ikaiacha mwaka 2023, na soko likaporomoka tena. Bei ikipanda, wezi huingia usiku. Mkulima anayeogopa kuibiwa huvuna ganda la miezi sita, dalali analinunua, na mnunuzi wa mwisho anakuta ganda lisilo na harufu na lenye ukungu. Ndiyo sababu serikali ya Uganda ilianza kutangaza tarehe rasmi ya kufungua mavuno kila msimu, na anayebeba vanila mbichi kabla ya tarehe hiyo hukamatwa. Madagascar, wakulima hutoboa alama zao kwa pini kwenye kila ganda likiwa bado changa. Kovu hubaki hata likikauka, na mwizi hawezi kulifuta.

Vanila inayotoka shambani sasa ni chini ya asilimia 1 ya harufu yote ya vanila inayotumika duniani. Iliyobaki ni ya viwandani. Hiyo sehemu ndogo ndiyo inayolisha familia za Sambava, Bundibugyo na Beni.

Sainte-Suzanne leo ina mnara wa kumbukumbu ya Edmond Albius, na Réunion ina shule na mitaa yenye jina lake. Tarehe 20 Desemba ni sikukuu kisiwani humo. Kisiwa chenyewe huvuna tani chache tu za vanila kwa mwaka. Kazi imehamia ng'ambo, Madagascar, ambako kuanzia Oktoba hadi Desemba watu huingia mashambani alfajiri wakiwa na kijiti mkononi, kwa kuwa ikifika saa nane mchana ua limekwishasinyaa.